Pedeli ya kushoto ya Mwalimu

Mwalimu alifika kibandani kwangu Ukonga jioni ya Jumatatu akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda, ugoko wa kushoto umefungwa bandeji. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo.

"Fundi, hii kitu uliyoniambia ninunue iko chini mno. Inagonga kila kitu. Juzi imenimwaga."

Ni kweli, mimi ndiye niliyemshauri. Ni baiskeli ya mtumba ya milimani, ina shokapu mbele na nyuma, magurudumu ya inchi 29. Nyuma inacheza milimita 130, mbele 140. Kabla ya hapo alikuwa na ile yenye shokapu ya mbele tu, akaiendesha miaka na hakuwahi kuniletea malalamiko ya pedeli. Safari yake ni ileile kila wikiendi: Gongo la Mboto, anapanda Pugu mpaka Kajiungeni, anaingia njia za msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, akitosheka anarudi kwa lami. Njia hazijabadilika, miguu ni ileile, baiskeli ndiyo mpya. Kwa hiyo kwa akili yake mshitakiwa alikuwa mmoja tu, na hukumu alishaitoa: nimtafutie krenki fupi, ile mikono inayoshikilia pedeli.

Krenki fupi zinasaidia, na hela yake ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini mtu akija na dawa mkononi kabla ya kupimwa, mimi huanza na kumtazama mgonjwa.

Tuliipindua baiskeli juu chini. Pedeli inayogonga huwa inaandika yenyewe ilikogonga, ukijua kuisoma. Ya kushoto ilikuwa imeliwa kona ya nje, upande wa mbele, na vijiti viwili vya kushikia kiatu vimeng'oka. Ncha ya krenki ya kushoto rangi nyeusi imekwanguka, alumini inang'aa kama shilingi mpya. Ya kulia ina mikwaruzo miwili mitatu tu. Sproketi ya mbele, ambayo ndiyo hugonga jiwe au gogo shokapu ikizama mpaka mwisho, haikuwa na alama hata moja.

Hapo tayari kesi imepungua nusu. Baiskeli haikuwa inagonga kwa kuruka na kutua. Ilikuwa inagonga huku mtu anakanyaga, pedeli ikiwa inashuka na kwenda mbele, na baiskeli imelala upande. Nikamuuliza njia ya kuingilia msituni ina ukingo upande gani. Akafikiri kidogo, akainua mkono wa kushoto. Wakati wa kwenda, kilima kiko kushoto kwake. Wakati wa kurudi yuko kwenye lami, ambako hakuna cha kugonga. Ndiyo maana kushoto kumeumia kuliko kulia.

Niliifungua pedeli ile kabisa. (Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha mwelekeo wa mshale wa saa, kinyume na bolti za kawaida. Nimeshapokea krenki kadhaa zilizokufa uzi kwa sababu mtu alidhani anafungua kumbe anakaza.) Nilipoizungusha kwa vidole, ncha yake ya nje ilikuwa inachora duara badala ya kutulia mahali pamoja: ekseli imepinda. Mwalimu akasema, kumbe, yeye alidhani soli ya kiatu imeanza kubonyea. Pedeli ikishafika hapo hairudi barabarani. Nikaitundika kwenye msumari.

Kisha tukapima, na hapa ndipo watu wengi huruka. Nilimwambia avae kama anavyovaa siku ya safari: begi, maji lita 3, spana, tyubu, pampu, kofia. Peke yake ana kilo 84, na mzigo wote kilo 92. Shokapu ya nyuma ina oringi ndogo ya mpira kwenye fimbo yake. Unaisukuma mpaka kwenye sili, ule mpira unaozuia hewa isitoke, mtu anapanda, anasimama juu ya pedeli zote mbili kiwiko kikiwa kimeegemea ukuta, anatulia, halafu anashuka taratibu bila kuichezesha. Oringi inabaki pale uzito ulipoifikisha. Ya Mwalimu ilibaki milimita 22. Fimbo ile mwendo wake wote ni milimita 50, kwa hiyo kwa kusimama tu, kabla hajakutana na mzizi hata mmoja, alikuwa ameshakula asilimia 44. Kwa baiskeli ya aina hii natarajia 25 hadi 30.

Hii ndiyo tofauti na baiskeli yake ya zamani. Ile nyuma ni chuma kitupu, ukikaa hakizami. Hii inazama kila unapoipanda, imetengenezwa izame, na waliochora fremu walishaihesabu hiyo. Wanaiweka ekseli ya krenki chini kwa makusudi ili itulie kwenye kona. Ila walihesabu kwa mtu aliyejaza hewa inayomtosha.

Tukachukua futi. Kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya krenki, bila mtu: milimita 336. Mtu akiwa juu: 291. Ondoa urefu wa krenki, 175. Ondoa nusu ya unene wa pedeli na vijiti vyake, 11. Chini ya kiatu cha Mwalimu kulikuwa kumebaki milimita 105. Hiyo ni sakafu ya simenti, baiskeli imesimama wima. Mizizi ya mikorosho kule Pugu inatoka ardhini kwa kimo hicho bila shida yoyote.

Pampu ya shokapu ilisoma 150 psi, yaani kipimo cha presha ya hewa. Kanuni ya kuanzia ambayo mafundi wengi wanaitumia ni kuweka psi sawa na uzito wa mtu kwa paundi, kisha unarekebisha kwa oringi. Kilo 92 ni paundi 203. Na 150 ni ya mtu wa kilo 68. Kwa maneno mengine Mwalimu alikuwa anaendesha shokapu ya mtu mwingine, mwembamba, aliyeiuza huko ilikotoka na hewa yake ndani.

"Lakini mimi nimeijaza," akabisha. "Nilijaza mpaka 200."

Nikamwambia ajaze tena nione. Akafunga pampu, akapiga mpaka 200, akafungua, ikatoa ule mlio wa fsss. "Umeona? Inavuja hapa kwenye kufungua." Haivuji. Ule upepo unaolia ni wa ndani ya mpira wa pampu, wa shokapu unabaki kwake. Na ukifunga pampu tena ili uhakikishe, mpira unajazwa kwa hewa ya shokapu, mshale unasoma pungufu, na mtu anaapa kwamba sili imekufa. Wapo waliobadilisha sili nzima kwa sababu ya mlio huo.

Kosa lake lilikuwa jingine. Shokapu ya hewa ina vyumba viwili: kikubwa kinachokubeba, na kidogo upande wa pili kinachosaidia ianze kuzama kwa ulaini. Hewa inapita kati yao pale tu shokapu inapochezeshwa. Ukijaza mara moja ukaondoka, umejaza chumba kimoja. Ukipita tuta la kwanza hewa inagawana, na 200 yako imekuwa kitu kingine. Tukajaza 200, nikaikandamiza mara kumi taratibu, tukapima: 175. Tukaongeza, tukakandamiza, tukaongeza tena mpaka ikatulia. Na usiipeleke kwa fundi pancha. Kompresa ya tairi kwa kawaida haifiki presha hizo, na chumba cha shokapu ni kidogo kiasi kwamba kupapasa vali kidogo tu kunakupotezea nusu ya kazi.

Kulikuwa na jambo la pili kwenye shokapu ileile. Kile kitufe chekundu kinachotawala kasi ya kurudi juu kilikuwa kimefungwa mpaka mwisho. Mwalimu ndiye aliyekifunga, kwa sababu siku ya kwanza aliona baiskeli inamrusharusha matakoni. Sasa fikiria mizizi mitano imefuatana, nafasi ya hatua moja kati ya mzizi na mzizi. Shokapu inazama kwa wa kwanza, inaanza kurudi polepole kama mlango wenye bawaba kavu, haijafika, wa pili umeshaifikia. Inazama kutoka pale ilipo. Wa tatu vilevile. Mpaka unafika wa tano baiskeli imechuchumaa, na pale ndipo pedeli inashuka. Nikakifungua kubofya kwa kubofya, huku anashuka ukingo wa kibaraza changu akiwa ameketi, mpaka nyuma ikawa inazama, inarudi, inapitiliza kidogo mara moja na kutulia.

Hapo nikafanya kosa langu. Mwalimu anafundisha hesabu, na alikuwa na daftari. Kwenye kipande kimoja cha njia alikuwa ameshahesabu mara ambazo pedeli iligonga: 17. Na mimi nikataka namba ishuke haraka, nikampandishia hadi 240. Oringi ikasoma milimita 9. Nikampa pedeli mpya za muda, akaenda. Jumapili usiku akanipigia: imegonga mara 8, lakini gurudumu la nyuma linateleza kwenye kila mzizi wenye unyevu, na mgongo unamuuma kama amebebwa kwenye trekta. Alikuwa sahihi. Shokapu ngumu kupita kiasi haikai ardhini, inaruka juu ya mizizi, na tairi lisiloshika ardhi kwenye mlima halikusaidii kitu hata kama pedeli iko juu angani. Nikairudisha kwenye 200 na kitu, oringi ikasoma 14, yaani asilimia 28. Wiki iliyofuata akahesabu 11.

Kutoka 17 hadi 11 bila kununua kitu. Angekuwa mteja wa kawaida ningeishia hapo, lakini huyu ana ugoko uliochanika na daftari.

Zikaja krenki za 165. Hizo zinampa milimita 10 chini, hakuna ubishi, hesabu ni ya mtoto wa darasa la pili. Pedeli mpya nilimpa bapa, nyembamba, milimita 16 badala ya zile nene za 22, akapata 3 nyingine. Kiti tukakipandisha milimita 10, maana mguu ukifika chini umepungukiwa kiasi hicho, na hili watu husahau halafu wanalalamika magoti. Mlimani alilalamika kidogo: mkono wa krenki umepungua karibu asilimia 6, basi mguu unasikia uzito. Tukatoa sproketi ya mbele ya meno 32 tukaweka ya 30, ambayo inapunguza mzigo kwa kiasi hichohicho. Baadhi ya fremu zina kipande kidogo kwenye ungio la shokapu, ukikigeuza baiskeli inapanda milimita kadhaa. Ya kwake haina. Kuna wanaoongeza urefu wa foku, ile inayoshika gurudumu la mbele, pia, ila hiyo inagusa usukani na kila kitu, sikutaka.

Jumla kwa futi: hewa imetupa 13, krenki 10, pedeli 3. Milimita 26. Kutoka 105 tumefika 131. Nikajiona nimemaliza.

Akahesabu 8.

Mwalimu alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeleta jibu bila njia. Akaokota chaki yangu ya kuwekea alama tairi, akachora kwenye ubao wa mlango: mstari wa ardhi, baiskeli kwa nyuma, imeinama. "Pedeli yako mpaka ukingo wa nje iko umbali gani kutoka katikati ya baiskeli?" Nikapima: milimita 200 hivi. "Baiskeli ikiinama nyuzi 10 tu. Sine ya 10 ni 0.17 na kitu. Mara 200." Akaandika 35, akaizungushia duara. "Umenipa 26, fundi. Nikiinama kidogo tu kwenye ukingo napoteza 35."

Nimetengeneza baiskeli muda mrefu na sikuwahi kuiweka hivyo kwa namba. Ile kona iliyoliwa, kona ya nje, ilikuwa imeniambia jambo hilo tangu Jumatatu ya kwanza, mimi nikalisoma nikaenda kushika pampu.

Jumapili nikafunga kibanda nikaenda naye. Nilikaa nyuma yake mita kumi, na ndani ya dakika tano nikaona mambo mawili ambayo kibandani huwezi kuyaona.

La kwanza ni gia. Mwalimu akiona mizizi anashuka gia nyepesi kabisa, miguu inazunguka kama cherehani. Tukapiga hesabu tukiwa tumekaa juu ya gogo. Gurudumu lake mzunguko mmoja ni kama mita 2.3. Mbele meno 30, nyuma akiwa kwenye 46, mzunguko mmoja wa krenki unampeleka mita 1.5. Kipande cha mizizi cha mita 15 anakizunguka mara 10, na kila mzunguko pedeli mbili zinapita chini: mara 20 anacheza bahati nasibu. Akiwa na meno 24 nyuma, mzunguko unampeleka karibu mita 2.9. Bahati nasibu zinabaki kama 10. Tena akiingia na mwendo wa kutosha anaweza kukanyaga mara tatu nne na kuachia baiskeli ielee sehemu iliyobaki, krenki zote mbili zimelala sambamba na ardhi.

La pili ni kwamba hakuwa anajua kukanyaga nusu. Pale ambapo lazima usukume na chini kuna kisiki, huzungushi duara zima. Unasukuma robo, unarudisha nyuma robo, unasukuma tena, pedeli haifiki chini kabisa. Friwili inalia trrk, trrk. Habu yake, kitovu cha gurudumu la nyuma, hushika kila nyuzi 15, sawa na nusu saa kwenye uso wa saa, kwa hiyo kuna upenyo kidogo kabla mnyororo haujauma. Mara ya kwanza upenyo huo unakushtua na unaweza kupoteza balansi. Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi kwanza, watoto wanatucheka, mtu mzima na ndevu zake anakwenda mbele na nyuma mahali pamoja.

Na kwenye ukingo wa kushoto, mguu wa kilimani unakaa juu, basi. Kama hakuna nafasi ya kukanyaga, hukanyagi.

Kuna sehemu moja ambayo hakuna hewa wala krenki wala gia itakayoisaidia. Mvua za masika na bodaboda wamechimba korongo katikati ya njia, limekuwa kama herufi V, udongo ule mweupe unateleza ukilowa, na ukishatumbukiza gurudumu ndani, kingo mbili zinakuja juu kukutana na pedeli zako zote mbili. Mwalimu alilipita mara mbili mbele yangu, likamgonga mara mbili, kushoto na kulia. Mara ya tatu nilimwambia apite juu ya ukingo. Kuna nafasi ya tairi moja, upande mmoja kuna miiba. Akanitazama, akatazama miiba, akashuka, akaibeba baiskeli begani hatua kama kumi na mbili, akapanda tena upande wa pili. Sikumcheka. Mimi nilipita juu na nikatoka na mkono umechanika.

Siku ile daftari liliandika 3.

Pedeli yake ya zamani bado ipo kwenye msumari. Mteja akija anataka krenki fupi, namwonyesha ile kona iliyoliwa, namuuliza ana kilo ngapi akiwa na begi. Wengi hawajui.

Jumapili iliyopita Mwalimu alinitumia ujumbe kutoka Kajiungeni: "Fundi, leo 4. Kuna kisiki kipya baada ya mkunjo wa pili, mtu kakata mti. Kulia safari hii."